Shajara ya mradi: kisanduku cha kutafutia bidhaa kwenye tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi

Jumamosi, 1 Februari 2025

Leo nimekubaliana na baba mdogo. Duka lake la vifaa vya ujenzi liko Morogoro mjini. Tovuti anayo tangu miaka kadhaa nyuma, ila ni ukurasa mmoja tu: picha ya mlango wa duka, namba ya simu, na kiungo cha kupakua orodha ya bidhaa. Orodha hiyo ni PDF ya kurasa 38, MB 11, iliyopigwa picha kutoka kwenye karatasi. Hata ukiifungua huwezi kutafuta neno ndani yake, kwa sababu kwa kompyuta kila ukurasa ni picha tupu. Fundi aliyeko Kilosa akitaka kujua kama duka lina koki ya robo tatu, bando lake liliwe MB 11, kisha asogeze kurasa 38 kwa kidole gumba. Hakuna anayefanya hivyo. Wanapiga simu.

Simu hizo ndizo zilizonileta hapa. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano simu ya kaunta haitulii, na maswali ni yale yale: mnayo? ya inchi ngapi? shilingi ngapi? Dada wa kaunta anajibu huku wateja wanne wamesimama mbele yake. "Mwanangu," baba mdogo ameniambia, "mimi nataka mtu aangalie mwenyewe kwenye simu yake kama kitu kipo, halafu ndiyo anipigie kuagiza."

Kazi ni hiyo. Kikapu cha kununulia sitaweka, malipo ya mtandaoni sitaweka. Nitaweka kisanduku kimoja juu ya ukurasa, mtu aandike anachokitafuta, akione.

Jumatano, 5 Februari

Siku tatu stoo. Nimehesabu mistari 1,412 kutoka kwenye leja na ankara, na nilipoondoa iliyojirudia imebaki 1,187. Nilidhani kuhesabu ndiyo ingekuwa kazi ngumu. Ugumu uko kwenye majina.

Kila kitu dukani kina majina matatu. La kwanza ni la ankara, kama lilivyoandikwa na muuzaji wa jumla: "BIB TAP 1/2 BRASS". La pili ni la leja, kwa mkono wa dada wa kaunta: "koki njano 1/2". La tatu ni lile analolitamka mteja, na hilo halijaandikwa popote. Mmoja anasema koki, mwingine bomba, mzee mmoja kutoka Mvomero amesema mfereji. Wote wanapewa kitu kile kile kutoka rafu ile ile, na wanaondoka wameridhika.

Anayejua majina yote ni kijana wa stoo. Leo nimeketi naye juu ya mifuko ya saruji, mimi nimeshika kitu, yeye ananiambia wateja wanakiitaje. Nilipoinua beleshi akasema: beleshi, chepe, sepetu, koleo. Nikamwuliza, koleo si ile ya kukamatia waya? Akasema ndiyo, na hiyo nayo ni koleo, wengine wanaiita plaizi. "Sasa mtu akikuambia anataka koleo unampa nini?" Akajibu bila kufikiri: "Namwangalia nguo. Kama ana saruji, beleshi. Kama amebeba waya, plaizi."

Nimeliandika jibu hilo kama lilivyo. Tovuti haiwezi kuona nguo ya mtu, kwa hiyo atakayeandika "koleo" lazima aonyeshwe vyote viwili.

Nimeongeza safu kwenye jedwali, nimeiita "majina ya mtaani". Naanza kuamini kwamba safu hii ndiyo mradi wenyewe.

Jumapili, 9 Februari

Leo nimechagua njia ya kutafuta. Naandika kwa kirefu kidogo, kwa sababu atakayefanya kazi hii kwa Kiswahili atakutana na ukuta huu huu.

Programu nyingi za kutafuta zina hatua ya kukata neno mpaka kwenye shina, ili aliyeandika wingi apate umoja na aliyeandika umoja apate wingi. Kanuni inayojulikana zaidi ni ya Martin Porter ya mwaka 1980, iliyotengenezwa kwa Kiingereza: inakata mikia ya maneno. Baadaye kanuni za namna hiyo ziliandikwa kwa lugha nyingine nyingi kupitia Snowball, mradi wa kuandika kanuni hizo, na PostgreSQL, programu ya hifadhidata, inazitumia. Kimo Kifini, kimo Kituruki, kimo hata Kiarmenia. Kiswahili hakimo. Na kanuni ya Kiingereza huwezi kuiazima, kwa kuwa maneno yetu hubadilika kichwani: msumari na misumari, kitasa na vitasa, bati na mabati. Ukikata mkia wa "misumari" umeharibu neno, na "mi" bado iko pale pale.

Nimefikiria kuandika kanuni ya kukata viambishi vya mwanzo. Nimeiacha. Ukikata "ma" ya "mabati" vizuri, utaikata na ya "marumaru". Ukikata "ki" ya "kitasa", utaikata na ya kitu kingine ambacho "ki" ni sehemu ya jina lake. Lugha hii inahitaji kamusi nzima nyuma ya kanuni ya namna hiyo, na mimi nina duka moja na wiki chache.

Nimechagua trigramu. Neno linakatwa vipande vya herufi tatu tatu, na nafasi mbili tupu zinaongezwa mbele na moja nyuma. Maneno mawili yanalinganishwa kwa kuhesabu vipande yanavyoshirikiana, kisha kugawanya kwa jumla ya vipande vyote tofauti. Mgawanyo huo ni wa Paul Jaccard, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, aliyeutumia mwaka 1901 kulinganisha mimea ya sehemu mbalimbali za milima ya Alps. Nimefurahi kujua kwamba kipimo cha maua ya milimani kinaweza kutafuta misumari Morogoro.

Nimepiga hesabu kwa mkono kabla ya kuandika msimbo wowote. Msumari na misumari: vipande 6 vya pamoja kati ya 11, yaani 0.55. Kitasa na vitasa: 4 kati ya 10, yaani 0.40. Bati na mabati: 3 kati ya 9, yaani 0.33. Kizingiti kinachotumiwa na PostgreSQL, usipokibadilisha, ni 0.3, kwa hiyo mabati yameponea chupuchupu. Ubao na mbao: 2 kati ya 8, yaani 0.25. Hayo yameanguka. Maneno mafupi ya namna hiyo nitayaandika mwenyewe kwenye safu ya majina ya mtaani. Nimekubali.

Jambo la pili nililoamua: kutafuta kutafanyika ndani ya simu ya mteja, si kwenye seva. Bidhaa 1,187 pamoja na majina yake yote ni faili moja la JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome, lenye KB 214, na likibanwa linashuka hadi KB 46. Hiyo ni ndogo kuliko picha moja ya kawaida. Simu inalipakua mara moja, kinachofuata kila herufi inayoandikwa inatafutwa hapo hapo bila kugusa mtandao. SQLite, hifadhidata nyingine ndogo, nayo ina trigramu, tangu toleo la 3.34.0 la Desemba 2020, lakini ingenilazimu kuwa na seva inayojibu kila herufi, na haitoi kitu mtu akiandika chini ya herufi tatu. Mtu anayetafuta nondo ya 8 ataandika "8".

Jumapili, 16 Februari

Toleo la kwanza linafanya kazi kwenye simu yangu. Nikiandika "misumari" naona misumari, na nikikosea nikaandika "misumali" bado naiona. Nimekaa dakika nzima naandika maneno kwa furaha tu.

Kisha nikaandika vipimo, na kila kitu kikavunjika.

Duka la vifaa vya ujenzi linaishi kwa vipimo. Mteja haulizi koki, anauliza koki ya robo tatu. Msimbo wangu ulikuwa unaondoa alama zote zisizo herufi wala tarakimu, kama mifano mingi inavyofundisha, na hapo "3/4" ikawa "3 4", ikaniletea kila chenye 3 na kila chenye 4. Waya wa "2.5" ukawa "2 5". Mbao ya "2x4" iliandikwa kwenye leja kwa namna nne: 2x4, 2X4, 2×4 kwa alama ya kuzidisha, na "2 kwa 4". Nilikuwa pia nimeondoa maneno madogo kama ya, la, za na kwa, ili yasisumbue hesabu. Kwa hiyo mtu akiandika "mbao mbili kwa nne", hilo "kwa" linatoweka kabla halijafanya kazi yake.

Baya zaidi nimelikuta usiku. Nimetafuta tangi la lita 1000, likaja la lita 10000 kwa alama zile zile kabisa. Nilifikiri nimekosea msimbo. Nikakata kwa mkono: 1000 inatoa vipande vitano, na 10000 inatoa vipande vile vile vitano, kwa sababu "000" inayojirudia inahesabiwa mara moja tu. Kwa macho ya trigramu, matangi hayo mawili ni kitu kimoja. Fundi anayejaza lori kwa orodha ya namna hiyo angepata hasara ya kweli.

Sheria mpya nimeiandika juu kabisa ya faili la msimbo: kwenye namba hakuna karibu-karibu. Maneno yanalinganishwa kwa trigramu, namba zinalinganishwa sawasawa au haziji kabisa. Kipimo sasa kina safu yake, na kabla ya jambo lolote swali la mteja linapitishwa kwenye kigeuzi: nusu ni 1/2, robo tatu ni 3/4, "mbili kwa nne" ni 2x4, "12mm" inatenganishwa kuwa 12 na mm. Maneno madogo yanaondolewa baada ya hapo, si kabla.

Kuna na mabomba ya PPR, yale yanayounganishwa kwa moto. Bomba lenyewe limeandikwa milimita: 20, 25, 32. Fundi anasema inchi: nusu, robo tatu, moja. Wote wawili wako sahihi, kwa hiyo kila bomba la PPR linabeba kipimo mara mbili. Nondo ya mm 12 nayo fundi wengi wanaiita nusu inchi, nimeiwekea vilevile.

Alhamisi, 20 Februari

Nje ya duka kuna benchi ambalo mafundi hukaa kusubiri kazi. Nimewapelekea simu yangu, nikaomba kila mmoja atafute kitu alichonunua mara ya mwisho. Sikuwaelekeza chochote.

Wa kwanza, fundi bomba mtu mzima, aliandika "langi ya mafuta". Ilikuja, kwa 0.33. Wa pili "saluji", ikaja kwa 0.40. Wa tatu "malumalu", haikuja. Ra na la zinabadilishana midomoni mwa watu wengi wa huku kwetu, na hivyo ndivyo wanavyoziandika. Sioni sababu ya mtu kukosa marumaru kwa sababu ya herufi hiyo. Nimekaa pale pale kwenye benchi nikaongeza mstari mmoja: kila r igeuzwe l, kwenye bidhaa na kwenye swali, kisha ndipo tulinganishe.

Marumaru zikaja. Yule wa nne akaandika "taili", akitaka vigae hivyo hivyo vya sakafuni, na cha kwanza kuonekana kikawa tairi ya toroli.

Kwa hiyo si sahihi kuzifanya r na l zilingane kabisa. Sasa neno lililoandikwa sawasawa linapata alama 1, lililo sawa baada ya kugeuza r linapata 0.9, na mengine yanapata kadiri ya trigramu zao. "Taili" inaleta vigae juu na tairi chini yake. Anayetafuta tairi kwa kuiandika "taili" ataiona bado, mistari michache chini. Fundi wa nne alijaribu tena akaridhika, akaniuliza kama bei zitakuwemo.

Swali hilo nimelibeba kwa baba mdogo.

Jumapili, 2 Machi

Wiki mbili za picha na ubishi wa bei.

Picha kwanza. Nimefunga kitambaa cheupe kwenye mlango wa nyuma, mwanga wa saa tatu asubuhi unaingia vizuri pale. Tatizo la vifaa vya bomba ni kwamba koki ya nusu na ya robo tatu kwenye picha ni mapacha. Kwa hiyo kila kitu kidogo kimepigwa na kalamu ya wino pembeni yake, ile ya kawaida ambayo kila mtu anaijua urefu. Picha nimezipunguza hadi upana wa pikseli 480 na kuzihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha linalobana ukubwa, nyingi zimeshuka chini ya KB 25. Hazipakuliwi mpaka mtu asogeze ukurasa azifikie. Vitu 640 vina picha. Vilivyobaki vinaonekana kwa jina tu, na sitasubiri.

Kuhusu bei, baba mdogo alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, jirani mwenye duka kama hilo ataziona. Ya pili, na hii ndiyo nzito, bei ya saruji, nondo na bati haikai. Mtu aone bei Jumatatu, afunge safari kutoka Turiani Ijumaa, akute imepanda: atasema amedanganywa, na atakuwa na haki. Kuhusu jirani nilimwambia kwamba jirani anaweza kutuma mtoto aulize kaunta muda wowote. Kuhusu saruji sikuwa na jibu, kwa kuwa hofu yake ni ya kweli.

Tumekubaliana hivi. Vitu ambavyo bei yake inakaa, kama vitasa, bawaba, misasa, brashi na koki, vinaonyesha bei pamoja na tarehe ilipothibitishwa mara ya mwisho. Saruji, nondo, bati na mbao vinaandikwa "uliza bei ya leo". Chini ya kila bidhaa kuna kitufe kinachofungua WhatsApp ya duka na ujumbe tayari umeandikwa: jina la bidhaa, kipimo, na namba yake kwenye rafu. Kiungo hicho kinataka namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Nilipoteza nusu saa kwa sifuri hiyo.

Nimeongeza na neno moja kwenye bati. Wateja wageni wa ujenzi huona geji 30 na geji 28 wakadhani 30 ni nzito zaidi kwa kuwa namba ni kubwa. Ni kinyume: geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Sasa limeandikwa pale pale kwenye bidhaa. Nimeona watu wakiezeka nyumba zao kwa kutojua hilo, na paa ni kitu cha kuishi nacho miaka mingi.

Jumamosi, 8 Machi

Imepanda hewani usiku wa kuamkia leo. Tangu mwezi wa Ramadhani uanze duka linafungwa mapema kabla ya futari, kwa hiyo jioni zangu zimekuwa ndefu na tulivu. PDF nimeiondoa kabisa.

Dada wa kaunta ataendesha bidhaa kwa lahajedwali ile ile aliyoizoea. Anabadilisha mstari, na kila usiku skripti, programu ndogo inayojiendesha, inasoma lahajedwali na kutengeneza faili jipya. Hakuna ukurasa wa kuingilia, hakuna nenosiri jipya la kukumbuka. Kama mstari hauna jina au kipimo kimeandikwa kwa namna isiyojulikana, skripti inauacha na kumwandikia namba ya mstari. Ameuliza jambo moja tu: akikosea na kufuta kila kitu? Nimemwonyesha nakala za siku 14 zilizopita.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki ya kwanza ya maneno yaliyokosa.

Nimepanga hivi: mtu akitafuta na asipate kitu, simu inatuma neno lile kwenye faili letu. Neno na tarehe, basi. Namba ya simu haitumwi, mahali alipo hapatumwi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, ila hata isingekuwepo, sina haja ya kujua nani anatafuta boya la tangi. Ninachotaka ni neno.

Yalikuwa 61. Nimeyachapisha kwenye karatasi na kuketi na kijana wa stoo, mahali petu pa siku zote.

"Simtanki." Sisi tumeandika "tangi la maji", wateja wote wanasema simtanki, hata kama tangi ni la kampuni nyingine. Jina la bidhaa moja limekuwa jina la kitu chenyewe. Nimeliongeza.

"Utepe mweupe wa bomba." Tunao, kwenye ankara ni PTFE, kwenye leja "tredi tepu". Aliyeandika hivi hakulijua jina, akaeleza kitu kinavyofanana. Neno "nyeupe" halikuwa popote kwenye mstari ule. Tangu leo rangi na umbo vinaingia kwenye majina ya mtaani, kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyoomba kitu asichokijua jina.

"Karatasi ya kusugulia." Ni msasa.

"Kitu cha kuzuia maji kwenye tangi yakijaa." Ni boya. Huyu aliandika sentensi nzima, na mashine yangu ikashindwa. Kijana wa stoo alipoisoma alisema "boya" kabla sijamaliza kuitamka. Nimeandika matumizi ya vitu vya bomba vyote 214 jioni hiyo hiyo, kwa maneno ya kawaida: cha kufunga, cha kuzuia, cha kuunganisha, cha kupunguza.

Mengine 19 yalikuwa vitu ambavyo kweli hatuna. Hayo nimempa baba mdogo kwenye karatasi yake. Ameitazama kwa muda mrefu. "Waya wa kuku umeulizwa mara saba?" Alikuwa ameacha kuuleta miaka miwili iliyopita.

Jumapili, 23 Machi

Neno "fisha" limenisumbua wiki nzima. Kwa seremala na mtu wa paa, fisha ni ubao wa ukingoni mwa paa, fisha bodi. Kwa fundi umeme, fisha ni kile kiplastiki kinachoingizwa ukutani kabla ya skrubu. Ni kama koleo, ila hapa vitu viwili havikaribiani hata kidogo: kimoja ni cha mita kadhaa, kingine kinakaa kwenye kiganja. Nimeona kwenye kumbukumbu mtu ameandika "fisha", kisha "fisha ya ukuta", kisha "fisha ndogo". Alikuwa anaibembeleza.

Matokeo sasa yanapangwa kwa makundi pale neno linapoangukia idara mbili: kichwa "Paa" na vitu vyake, kichwa "Umeme" na vitu vyake, vyote vinaonekana bila kusogeza ukurasa. Nimeijaribu kwa "koleo" pia, ikakaa vizuri: "Zana za saruji", "Zana za umeme". Nimemwonyesha kijana wa stoo, naye akasema hivyo ndivyo rafu zilivyo.

Kuhusu simu za zamani: nimeazima simu ya mlinzi wa duka, Android ya RAM ya GB 1. Kila herufi ilichukua karibu sekunde nzima, kwa sababu nilikuwa nakata trigramu za bidhaa zote upya kila mara. Sasa zinakatwa mara moja ukurasa unapofunguka, na utafutaji unasubiri sehemu ndogo ya sekunde baada ya herufi ya mwisho. Kwenye simu ile ile sioni tena kusita.

Faili pia linabaki kwenye simu baada ya kufunguliwa mara ya kwanza. Fundi aliye porini bila mtandao anaweza kutafuta, ila anaonyeshwa tarehe ya orodha aliyonayo.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya Idi wateja wamerudi kwa wingi, na mvua za masika zimeleta maswali ya bati na mifereji ya paa. Dada wa kaunta anasema simu bado zinapigwa, lakini zimebadilika: mtu anaanza na namba ya rafu. "Naomba 0412, sita." Anaandika, anakata.

Alhamisi alikuja yule fundi bomba wa benchi, aliyeandika "langi". Alikuwa na mteja wake, mama mmoja anayejenga Kihonda, na alimwonyesha koki tatu kwenye simu ili achague yeye mwenyewe, kabla hawajaingia dukani. Mama alichagua ya bei ya kati. Sikuwa nimefikiria matumizi hayo. Nimeongeza njia ya kuweka bidhaa mbili au tatu kwenye skrini moja, na kuipeleka kwa mtu mwingine kama kiungo.

Safu ya majina ya mtaani ina maneno 3,046 sasa. Nimeiweka nakala kwenye diski nje ya duka, kwa kuwa msimbo naweza kuuandika tena kwa wiki moja, maneno hayo siwezi.

Maneno yaliyokosa wiki hii ni manne: "mkanda wa pampu", "jicho la mlango", "dripu" na "mguu wa meza wa chuma". Kijana wa stoo amesema mawili ya kwanza tunayo, rafu ya nyuma karibu na mapipa, havikuhesabiwa Februari. Waya wa kuku umefika jana, mizunguko kumi. Kesho asubuhi nitaingiza vyote vitatu, na kalamu yangu ya picha.